Nyumba Yenye Choo

Sikudhani alipiga hodi ya kwanza, akahesabu moyoni hadi thelathini. Kimya. Akapiga ya pili, akahesabu tena huku akitazama kucha zake, kwa sababu mlango alikuwa ameshautazama vya kutosha. Ulikuwa wa mninga, una komeo la chuma cheusi, na mtu yeyote aliyewahi kuishi Ng'ambo anajua kwamba mninga wa namna hiyo haupatikani ila kwenye Msitu wa Mizuka, ambako kila mti una zimwi lake. Mwenye nyumba alikuwa ameua mazimwi yasiyopungua kumi kwa ajili ya mlango tu. Aliitwa Nuhu Shemboza, fundi wa viyoyozi, na alikuwa amekufa kwa maradhi ya figo siku mia moja zilizopita, katika chumba cha mgao kwenye ghorofa ya kumi na nane huko Dodoma.

"Hodi," akasema kwa mara ya tatu.

Hakuna aliyejibu. Akaandika kwenye kitabu chake cha kazi: saa nne na dakika kumi asubuhi, hodi tatu, hakuna mwenyeji. Akatoa ufunguo wa ofisi. Hii ilikuwa nyumba yake ya tatu tangu kuamka, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayemenya viazi.

Ng'ambo ilianza kama mchezo wa vita. Ukivaa miwani na glavu unajikuta kwenye nchi ya milima na mapango, upanga mkononi, wachawi wanakungoja bondeni. Walioutengeneza walidhani watu wataupendea damu. Watu wakaua mazimwi mwaka mmoja, wakachoka, wakaanza kujenga. Wakati huo Dodoma ilikuwa imefurika watu waliohamishwa kutoka pwani baada ya maji kupanda, na kila mtu mzima alikuwa amegawiwa chumba cha mita tatu kwa mbili, choo cha pamoja mwisho wa korido. Mtu anayelala kwenye chumba hicho, akigundua kwamba zimwi moja ni sawa na mbao sita, haulizi tena habari za ushujaa. Anauliza kabati linakula mbao ngapi.

Na kabla ya kujenga, watu walitembea. Miaka ile ya mwanzo nyumba za Ng'ambo hazikuwa na kizuizi. Unaingia ya yeyote, unafungua makasha, unasoma barua zilizoachwa mezani, unashangaa. Huyu kajaza kabichi arobaini chumbani. Yule kapanga vitabu kwa rangi na hajafungua hata kimoja. Jirani uliyepishana naye koridoni miaka tisa bila kumjua jina, ungeingia nyumbani kwake Ng'ambo ukajua kwamba anapenda madirisha yanayotazama mashariki na anaogopa ngazi. Kisha unarudi kwako, unakuta kikombe ulichokiacha ukingoni mwa meza bado kiko ukingoni mwa meza. Hakuna vumbi, hakuna paa linalovuja, hakuna shemeji aliyekuja kwa wiki mbili akamaliza mwaka. Kitu ukikiweka kinakaa. Watu waliohamishwa mara tatu maishani mwao hawakuhitaji kuelezwa utamu wa jambo hilo.

Baadaye kina mama wakalalamika kwamba nyumba si soko, ikatungwa sheria ya hodi. Tangu hapo mgeni anapiga hodi mara tatu tu, asipojibiwa anakwenda zake. Mlango unafunguka kwa neno moja, karibu, likisemwa na raia wa Ng'ambo aliye ndani, na kizingiti kina masikio: kinapima pumzi na kusitasita kwa sauti, kinajua sauti hai na sauti iliyohifadhiwa. Bwana mmoja wa jengo la tisa alimfundisha kasuku kusema karibu ili nyumba ya marehemu kaka yake isivunjwe. Ilichukua miezi minne kumgundua, na sheria ikaongezwa kifungu cha ndege.

Maana nyumba za marehemu huvunjwa. Mashine zinazoibeba Ng'ambo zina ukomo, viwanja vina ukomo, na foleni ya wanaosubiri ni ndefu. Mtu akifa, nyumba inasimama siku mia, halafu mfungaji anakuja. Akijibiwa, nyumba ina mwenyeji, inabaki, na jina la aliyejibu linaandikwa juu ya mlango. Asipojibiwa, ni gofu. Na kila raia ana nyumba moja tu: ukijibu karibu kwenye nyumba isiyo yako, yako ya zamani inaachwa wazi. Kwa hiyo watu hawajibu. Siku hiyo ndugu walio raia wanaruhusiwa kuwemo ndani; wanasimama katikati ya nyumba za mama zao wakilia, lakini hawajibu, kwa sababu kila mmoja ana kikombe chake ukingoni mwa meza yake.

Sikudhani alikuwa amefunga nyumba elfu nne na ushee katika miaka tisa. Hakuwa katili. Alikuwa na ganzi, na alijua kwamba ni ganzi, kama unavyojua mguu ulioukalia bado ni wako.

* * *

Kazi inataka mfungaji afungue kila mlango wa ndani, hata wa kabati, kwa sababu kuna watu hulala na miwani usoni na imewahi kutokea nyumba kuvunjwa mtu yuko kitandani. Basi akaanza sebuleni. Viti vinne, mkeka, upanga ukutani kama kawaida ya wanaume. Jikoni sufuria zilikuwa zimening'inizwa kwa ukubwa, kubwa kwanza. Chumba cha kulala. Chumba cha pili kilikuwa na kitanda cha chini, cha mtu asiyeweza kupanda juu, na juu yake shuka mbili zimekunjwa. Akaandika yote bila kutulia mahali.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango mdogo. Akaufungua akitegemea stoo.

Kwanza hakuelewa anachokiona. Mawe mawili bapa, yale yanayookotwa kwenye pango la joka, yalikuwa yamelazwa sakafuni sambamba. Katikati yake ilizikwa kofia ya chuma ya askari wa mfalme, imepinduliwa, imetobolewa chini. Pembeni kulikuwa na kopo. Nyuma ya mlango msumari, na kwenye msumari kanga.

Kilikuwa choo.

Katika Ng'ambo nzima, kwenye majumba ya dhahabu na minara ya wachawi, hakuna choo. Hakuna anayekihitaji, mwili wa mle hauli wala haunywi. Kwenye orodha ya vitu vya kujengea kuna jeneza, kuna kiti cha enzi, kuna aina kumi na saba za vinara, choo hamna. Huyu fundi wa viyoyozi alikuwa amekaa akakibuni kwa vifaa vya vita. Sikudhani akakitazama kile kikofia cha askari wa mfalme, akafikiria sura ya huyo askari, na kicheko kikamtoka kabla hajajua kinatoka wapi. Alicheka peke yake, kwa sauti, amejishikilia kwenye fremu ya mlango.

"Hodi," sauti ikasema nje.

"Karibu," Sikudhani akajibu. "Karibu, pita ndani."

Siku ya kwanza kazini wafungaji hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: ndani ya nyumba ya marehemu, funga mdomo. Miaka tisa alikuwa ameufunga. Lakini mtu aliyelelewa vizuri hafikirii anapobishiwa hodi. Mama yake alikuwa akijibu karibu akiwa kwenye swala nusura aikate, na shangazi yake aliwahi kujibu akiwa usingizini. Neno lilikuwa limeshatoka. Akasikia komeo la chuma likijifungua, na alipofika ukumbini akaona juu ya mlango herufi za jina la Nuhu zinafifia, na badala yake linajiandika lake.

Aliyeingia alikuwa kijana wa Kingambo mwenye misuli na koti la ngozi, mwili ule ule mmoja wanaoazimwa wageni wote wasio raia. Ilipotoka sauti, ilikuwa ya bibi.

"Starehe," akasema. "Leo kuna watu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mama yake Nuhu." Jina lake lilikuwa Mgeni, Bi Mgeni, na yeye mwenyewe alikwishachoka kuchekwa kwa jina hilo kwenye chumba cha kuazimia miwani, alikoandikiwa kila siku hati ya mgeni kwa jina la Mgeni. "Wewe ndiye nani humu?"

Sikudhani akamwambia ukweli: yeye ni mfungaji wa ofisi, hakuwa rafiki wala mchumba wa marehemu, amekuja kufunga.

"Lakini umenikaribisha."

"Imenitoka tu, mama."

"Basi na mimi nimeshaingia."

Walikaa sebuleni. Bi Mgeni akaeleza mambo yake kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa akiyapanga njiani. Alikuwa amepiga hodi kwenye mlango huo siku ishirini na mbili mfululizo, tatu tatu, akaondoka. Alijua mwanawe amekufa. Yeye ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Lakini hakuwa amewahi kuingia humu. Nuhu alimwita miaka sita, njoo mama uone nyumba, na yeye akamjibu kila mara kwamba hakanyagi nyumba isiyo na choo. Alikuwa akisema mtu akikukaribisha kwenye nyumba isiyo na choo, hajakukaribisha, amekuambia uondoke mapema. Watu wa korido walicheka, Nuhu akacheka, mambo yakaisha hapo.

"Haikuwa choo," akasema Bi Mgeni. "Nilikuwa naogopa hii miwani. Jirani yangu aliivaa akatapika. Nikaona aibu kumwambia mwanangu naogopa miwani, nikamwambia choo." Mikono mikubwa ya yule kijana ilikuwa imekaa magotini, haijui pa kwenda. "Halafu mwezi wa mwisho, kashalazwa, ananiambia, mama njoo sasa, choo kipo. Nikajua ananitania."

 Sikudhani alisimama, akamtangulia ukumbini, akamfungulia ule mlango mdogo.

Bi Mgeni alisimama kizingitini muda mrefu. Aliyatazama mawe, akaitazama kofia. Hakucheka.

"Na kopo kaweka," akasema. "Upande wa kushoto."

Kisha akaingia, akafunga mlango. Sikudhani akageuka akampa mgongo, akangoja ukumbini kama mtu anavyongoja ugenini, ingawa mwili ulioazimwa haukuwa na haja yoyote. Hakusikia kilio. Baada ya dakika ishirini akasikia maji yakimwagwa kutoka kwenye kopo, taratibu, mpaka yakaisha.

Bi Mgeni alipotoka aliuliza nyumba inavunjwa lini. Sikudhani akamwambia ilikuwa ivunjwe leo. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa kumkaribisha, akaaga. Hakuomba kitu. Kama angeomba, Sikudhani angemjibu kwa ile sauti yake ya ofisini, na mambo yangekuwa rahisi.

* * *

Kapufi, msimamizi wa wafungaji, alikuwa mtu wa Sumbawanga mwenye sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni. Alishaiona taarifa kwenye kioo chake kabla Sikudhani hajavua miwani. Akamwambia asijali, imewahi kuwatokea wengine wawili, kuna fomu. Anachotakiwa ni kusema mbele yake, kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwamba neno lilimtoka kwa bahati mbaya. Jina litafutwa, nyumba ya Shemboza itakuwa gofu, na yeye atabaki na yake. Asiposema, yeye ndiye mwenyeji wa nyumba ya Shemboza, na yake mwenyewe itaingia kwenye orodha. Wiki ijayo, saa nne asubuhi. Wa kwanza kwenye foleni atapata kiwanja kimoja au kingine, kwa hiyo huyo hadhulumiwi.

"Sema basi, tukanywe chai," akasema.

Sikudhani akasema atakuja baadaye.

Kapufi akaweka kalamu chini. Hakuwa mjinga. Akamuuliza kama anamkumbuka Mwalimu Haule, na Sikudhani akasema anamkumbuka. Mwalimu Haule alikuwa mstaafu aliyekuja kwenye nyumba ya marehemu mkewe miaka miwili iliyopita, siku ya kufungwa, akamshika Sikudhani mkono wa kazi. Hakuwa na nyumba ya kutoa. Alikuwa bado kwenye foleni. Alimwomba Sikudhani aseme karibu yeye. Neno moja tu, dada, alisema, kisha nitakuwa nakuja kukutembelea. Sikudhani alimwambia sheria hairuhusu, jambo ambalo halikuwa kweli. Sheria inaruhusu, ila inakugharimu nyumba yako. Akapiga hodi tatu huku mzee akimtazama, akaandika gofu, akaenda nyumba iliyofuata, na mchana akala wali maharage.

"Elfu nne, dada Siku," akasema Kapufi. "Umewafungia wote sawa. Ndiyo maana nakuheshimu, na wao hata wakilia wanajua hakuna aliyependelewa. Leo huyu mmoja anafunguliwa kwa sababu mwanawe alijenga choo? Nitamwambia nini Haule nikipishana naye koridoni?"

 Sikudhani alitafuta jibu kwa dhati, akaona Kapufi yuko sawa kabisa. Alichofanyiwa Haule kilikuwa haki na kilikuwa kibaya, vyote viwili, na kumtendea Bi Mgeni vizuri leo kusingemrudishia Haule hata tofali moja. Kungemfanya tu ajue kwamba siku ile iliwezekana.

Alipanda chumbani kwake ghorofa ya saba, akavaa miwani, akaenda kwake.

Nyumba yake Ng'ambo ilikuwa kwenye ukingo wa bonde, vyumba vinne na baraza. Yeye na mumewe, Sudi, waliijenga miaka kumi na minne. Sudi ndiye aliyekuwa anatoka kwenda mapangoni, yeye alikuwa anapanga. Waligombana miezi miwili kwa ajili ya mahali pa kuweka kabati, na kabati likakaa anapotaka Sudi, mbele ya dirisha, likaziba nusu ya mwanga. Sudi alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita. Kofia yake ilikuwa bado juu ya kiti. Ngazi aliyoiegemeza ukutani siku ya mwisho akitaka kupandisha ubao mmoja wa dari ilikuwa bado imeegemea, na ubao uko chini, na misumari mitano imepangwa kando ya ubao.

Kila siku baada ya kazi alikuja akakaa kwenye kiti kilichokuwa kikitazamana na kile chenye kofia. Alikaa mpaka miwani imwachie alama puani. Watu wa korido walidhani anakwenda kulia, wakawa wanamsubiri na chai. Hakuwa analia. Hakuwahi kulia, si msibani, si arobaini, si hapa. Alikaa tu, akiitazama kofia, kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani ofisini, na kisha anarudi. Vitu vilikuwa vimekaa pale alipoviacha Sudi, kama Ng'ambo inavyoahidi, na yeye alikuwa mmojawapo.

Siku hiyo pia alikaa. Akajaribu kuogopa kwamba nyumba hii itavunjwa, na hofu haikuja. Akajaribu kumhurumia Bi Mgeni, na hata hiyo ilikuja kwa mbali, kama redio ya chumba cha tatu. Kitu kimoja tu alikuwa na uhakika nacho, nacho kilikuwa kidogo kiasi cha kuona haya kukisema mbele ya Kapufi: asubuhi ile, mbele ya kofia ya askari iliyotobolewa, alikuwa amecheka. Kwa muda wa kicheko hicho alikuwa mtu kamili, aliyeko mahali fulani, na ndiyo maana alipobishiwa hodi akaitika. Humu ndani hakuwa amebishiwa hodi miaka mitatu. Hata angebishiwa, hakuwa na uhakika kama angesikia.

Akavua miwani. Akaenda mwisho wa korido na beseni, akafua soksi na kitambaa cha kichwa. Saa kumi na mbili ikapita akiwa anasuuza. Ndivyo alivyoamua, hakukuwa na kingine cha kusimulia.

* * *

Kapufi alikuja mwenyewe. Angeweza kumtuma mfungaji yeyote, lakini alikuja, saa nne kasoro dakika moja, kwenye baraza la nyumba ya ukingo wa bonde, na kitabu chake kwapani.

Sikudhani alikuwa ndani. Anayeachia nyumba anaruhusiwa kuwemo wakati wa kufungwa, na wengi hutaka. Hatari ni moja nayo inajulikana: akijibu karibu, jina lake linarudi hapa, na ile aliyoihamia inabaki haina mtu. Nyumba ya Nuhu ingevunjwa saa hiyo hiyo. Huko, kwenye sebule ya viti vinne, Bi Mgeni alikuwa ameachwa na kazi ya kukunja shuka upya, kwa sababu hakupenda Nuhu alivyozikunja. Alikuwa amekuja kila siku tangu siku ile. Alibisha, akakaribishwa, akaingia, akakaa kidogo, akaondoka.

Sikudhani alisimama katikati ya ukumbi, kati ya viti viwili. Hakuwa amegusa kitu. Kofia ilikuwa kitini, ngazi ukutani.

"Hodi," Kapufi akasema.

Ndipo alipogundua ugumu wa jambo ambalo elfu nne walilifanya mbele yake. Neno lilipanda lenyewe. Halikuuliza kama anataka. Lilipanda kutoka tumboni, limeshavaa sauti yake, likafika kwenye meno. Alibana midomo. Hesabu ya Kapufi ya hadi thelathini ilikuwa ndefu kuliko yake. Akatazama kabati lililoziba dirisha na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaudhika nalo, akaudhika kweli kweli, mpaka kifua kikapanda. Lilikuwa mahali pabaya. Alimwambia. Miezi miwili alimwambia.

"Hodi."

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sasa ilikuwa inauma. Ilimwuma mahali penye jina, si kwa jumla: ule ubao ambao haukupandishwa, ile misumari mitano. Alikuwa ameipanga misumari ile mtu aliyedhani anakwenda kula ugali na kurudi.

"Hodi," Kapufi akasema kwa mara ya tatu.

Akasikia kalamu ikiandika nje. Akasikia kitabu kikifunikwa. Kilichofuata ni ufunguo wa ofisi, sauti ambayo yeye mwenyewe aliitoa mara elfu nne, na akaingoja.

Haukuja. Kapufi, aliyewahi kumsimamisha kazi mfungaji kwa kubisha mara moja zaidi ya zinazoruhusiwa, alikohoa kidogo nje ya mlango.

"Hodi," akasema. "Hodi wenyewe."

Hodi ya nne haimo kwenye sheria. Kizingiti kiliisikia na Sikudhani alijua bado kinamsikiliza na yeye. Alishusha mikono. Lile neno lilikuwa bado mdomoni, tayari, na pamoja nalo nyumba, kabati, kofia, kila kitu mahali pake. Lakini kuna namna nyingine ya kumjibu anayebisha, ambayo kila mtoto aliyewahi kuachwa peke yake nyumbani anaijua, na miaka mitatu hakuwa amemwambia mtu yeyote, wala majirani wa bondeni waliomuuliza habari za mumewe, ambao aliwajibu kwamba ametoka.

"Mwenyewe hayupo," akasema. Akaanza upya. "Mwenyewe hayupo. Amefariki."

Kizingiti hakikusikia karibu, na mlango haukufunguka. Nje, Kapufi aliipokea kama mtu ambaye habari hiyo imemfikia leo.

"Pole, dada," akasema. "Pole sana."

"Ahsante."

Nyumba ikaondoka, paa kwanza, kisha kuta, kisha kabati, na mwanga wote wa lile dirisha ukaingia kwa mara moja. Sikudhani alibaki amesimama kwenye kiwanja kitupu, analia kwa sauti, bila kujificha, kama wanavyolia watu misibani. Kapufi akaweka kitabu kwapani, akakaa kwenye jiwe lililokuwa karibu, akamngoja amalize.